Nikitafuta alama ya brashi: wiki moja nyuma ya Bouguereau

Oktoba 31, Paris

Mlango wa makumbusho ya Orsay hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Mimi nimefika saa mbili na robo, maana shemeji alinitisha jana usiku: "Kaka, foleni ya pale usiichezee." Hadi saa tatu tulikuwa watu tisa na njiwa, na baridi ya mto Seine inapanda kwenye soli za viatu.

Niseme kabisa kilichonileta. Mimi ni mchoraji, mtoto wa Bagamoyo, kazi naifanyia Dar. Nachora sura za watu: maharusi kutoka picha ya simu, marehemu kutoka picha ya kitambulisho, na mwezi ukiwa mbaya nachora mlango wa saluni. Nilipokuwa nasoma, mwalimu mmoja alichukua kazi yangu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii ni Bouguereau." Nikashukuru. Darasa zima likacheka. Ilinichukua miaka kujua kwamba siku ile nilitukanwa.

Jina hilo hutamkwa Bugero. William-Adolphe Bouguereau, aliyezaliwa 1825 akafa 1905, alikuwa mchoraji aliyeheshimiwa kuliko karibu wote Ufaransa ya wakati wake, na kwa vijana waliokuwa wakimpinga alikuwa mfano wa kila kitu kibaya. Degas na wenzake walilitengenezea jina lake neno zima la kejeli, la kutajia picha yoyote iliyolainishwa kupita kiasi, iliyopigwa msasa mpaka hakuna mahali jicho linakwama. Mwalimu wangu naye alilirithi huko. Dada alipohamia Paris na mumewe, akaniandikia niende kumtembelea, nilijua nitakwenda kumtazama nani.

Picha iliyonisimamisha kwanza ni "Kuzaliwa kwa Venus" ya 1879. Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, ambaye sisi tungemwita Zuhura, amesimama juu ya kombe la bahari, mikono kwenye nywele. Kanvasi ina urefu wa mita tatu. Amezungukwa na viumbe vya baharini wanaopuliza makome kama mabaragumu, na vitoto vyenye mabawa vinaelea juu kama moshi. Nikatafuta alama ya brashi. Nikasogea, nikainama, nikatazama kwa ubavu ili mwanga uiteleze rangi. Mlinzi akakohoa. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikainama upya. Kwenye mwili wa Venus sikuona chochote. Goti linageuka kuwa paja bila mpaka, kama alfajiri inavyogeuka asubuhi.

Ila mtu wa pwani haachi kuuliza: mbona hakuna aliyelowa? Watu wote hawa wametoka baharini na hakuna hata unywele mmoja ulioshikana kwa maji ya chumvi. Mvuvi yeyote wa kwetu angemwambia Bouguereau kwamba Zuhura huyu ameletwa na gari. Nikaandika hilo daftarini, nikajisikia nimelipa kisasi kidogo.

Kisha nikageuka, nikakutana na "Dante na Virgil", nikaaibika. Hii aliichora 1850, akiwa hajafika hata miaka 25, akiwa amekosa mara mbili tuzo kubwa ya serikali iliyompeleka mchoraji kijana kusoma Roma. Alitaka kuwaonyesha. Ni Jahanamu ya mshairi Dante. Wanaume wawili wako uchi, mmoja amemng'ata mwenzake kooni. Anayeng'ata ni Gianni Schicchi, aliyejifanya mtu aliyekwisha kufa, akalala kitandani mwake na kutamka wosia wa uongo. (Visa vya mirathi kumbe havina taifa.) Goti lake limemzama mwenzake mgongoni, vidole vimekamata nyama ya ubavu mpaka ngozi imevutika mikunjo. Nyuma, shetani mwenye mabawa amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Mwaka huohuo wa 1850 tuzo akaipata.

Ukizoea kumwita mtu mlaini halafu ukaona ubavu ule, inabidi unyamaze. Nilikaa pale mpaka miguu ikaniuma.

Jioni nimemwonyesha shemeji picha kwenye simu. Akatazama Venus, akatazama mlango wa chumba cha watoto, akasema, "Hizo usizitume kwenye kundi la familia."

Novemba 1, Paris

Leo ni siku ya Watakatifu Wote na Wafaransa wanakwenda makaburini. Kila duka la maua limetoa krisanthemamu nje, vyungu vya njano na zambarau, watu wamevipakata ndani ya treni za chini ya ardhi kama watoto.

Nilianzia kanisa la Saint-Vincent-de-Paul, karibu na stesheni ya Gare du Nord, ambako Bouguereau alichora picha za kanisa dogo la humo ndani, la Bikira Maria, miaka ya 1880. Misa ilikuwa inaendelea. Mimi ni mtoto wa madrasa, sijui nisimame lini wala nikae lini, nikajibanza nguzoni mpaka ikaisha. Picha zenyewe ziko juu, gizani kidogo, za maisha ya Maria. Sikukaa sana.

Kutoka hapo hadi mtaa wa Notre-Dame-des-Champs. Namba 75 ndiko alikokuwa na nyumba na studio. Ni mtaa mwembamba, wa kimya. Nilisimama ng'ambo nikijaribu kumwona akiingia alfajiri, maana huyu bwana kazi yake ilikuwa ibada. Alianza mapema, akaacha giza lilipomlazimisha, na usiku akaona unachelewa kuisha. Akiwa mwanafunzi Roma, katika jumba la Villa Medici, wenzake walimpa jina la Sisyphe, yule wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani bila mwisho. Zimehesabiwa picha zake zaidi ya 800.

Na hazikuwa za kupakapaka. Kwanza alichora michoro midogo ya haraka, kupanga nani asimame wapi. Halafu mchoro mdogo wa rangi za mafuta, kupima mwanga na giza. Halafu modeli anaitwa, na kila kichwa, kila mkono, kila kunjo la nguo linachorwa peke yake. Halafu mchoro mzima kwa ukubwa kamili, ndio unaohamishiwa kwenye kanvasi. Rangi yenyewe inaanza baada ya yote hayo, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Sisi kule Dar tunapiga miraba kwa penseli juu ya picha ya simu, tunapiga miraba kwenye kanvasi, tunahamisha mraba kwa mraba, na mteja anakuja keshokutwa. Najua kwa nini kazi yangu ya chuoni ilichekwa. Ililainishwa ili kuficha kwamba haikujengwa.

Makaburi ya Montparnasse hayako mbali. Bouguereau amelazwa hapo, na hapa ndipo hesabu inapouma. Na mkewe wa kwanza, Nelly Monchablon, walipata watoto watano. Jeanne alikufa 1866, bado mtoto mdogo. Georges alikufa 1875, akiwa na miaka 16. Mwaka 1877 Nelly mwenyewe akafa, na miezi michache haijapita, kichanga chao Maurice naye akamfuata mama yake. Akabaki na Henriette na Paul. Paul alikufa 1900, mtu mzima. Aliyemzika baba ni Henriette peke yake.

Mwaka ule wa 1877 alichora mama aliyejilaza kifudifudi juu ya mapaja ya Bikira Maria, kichanga kimekufa kwenye ngazi miguuni pao. Picha hiyo iko Strasbourg, sitaifikia safari hii. Nimeiona kwa simu tu, nimeketi kwenye benchi la makaburini, watu wakipita na vyungu vyao. Mtu akiniambia tena kwamba huyu alikuwa mchoraji wa peremende, nitamwomba atazame vidole vya mama yule.

Nyuma ya pazia la huzuni hizo kuna kisa kingine ambacho dada alikipenda kuliko vyote nilipomsimulia usiku. Elizabeth Gardner, Mmarekani wa Exeter, New Hampshire, alikuja Paris 1864 kujifunza uchoraji, na akakuta shule kuu ya sanaa haipokei wanawake. Aliomba kibali cha polisi cha kuvaa nguo za kiume ili aingie darasa la kuchora mwili. Shule ile haikufungulia wanawake mlango mpaka 1897. Chuo cha binafsi cha Julian, alikofundisha Bouguereau, kiliwapokea mapema zaidi. Bouguereau na Elizabeth walichumbiana 1879. Mama mzazi wa bwana akakataa katakata. Wakangoja. Miaka 17! Mama alifariki 1896, ana miaka 91, na mwaka huohuo wakaoana, bwana harusi miaka 70, bibi harusi 58.

"Mama mkwe wa hivyo," dada akasema, "hata Uzaramoni hayupo."

Novemba 2, La Rochelle

Treni ya asubuhi kutoka Montparnasse. Safari ya karibu masaa matatu, mashamba tambarare, mawingu ya chini, halafu ghafla harufu ninayoijua: matope ya bahari maji yakipwa.

La Rochelle ni mji alikozaliwa, na ndiko alikorudi kufia, Agosti 19, 1905. Bandari ya zamani ina minara miwili ya mawe mdomoni, Saint-Nicolas na Mnara wa Mnyororo. Zamani mnyororo ulivutwa kati yake kuzuia meli. Maji yalikuwa yamepwa, boti zimelala ubavu kwenye tope kama pale kwetu jioni. Nyumba za wafanyabiashara ni nzuri mno. Uzuri huo sehemu yake ulilipwa na biashara ya watumwa wa karne ya 18, kutoka Afrika Magharibi kwenda visiwa vya Karibi. Mtu aliyekulia Bagamoyo haoni mawe ya namna ile bila kuuliza bei.

Katika kanisa kuu la Saint-Louis kuna "Kupigwa Mijeledi kwa Bwana Wetu Yesu Kristo", ya 1880. Mwanga ulikuwa hafifu. Nilingoja wingu lipite.

Kwetu nyumbani ukutani kulikuwa na kalenda na aya, picha za manabii hapana. Kwa hiyo nilianza kwa kutazama pembeni, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Wanaume wawili wameinua mijeledi. Kulia mwingine amepiga goti, anafunga fito mpya kwa utulivu kabisa, kama anayefunga ufagio wa chelewa. Huyo ndiye aliyenitisha. Wenye mijeledi wana hasira ya kazi, yeye hana chochote, anaandaa vifaa. Katika umati mtoto amegeuza uso asitazame. Yuko pia mtu mwenye ndevu, wanasema ni Bouguereau mwenyewe. Na katikati, aliyefungwa kwenye nguzo, kichwa kimeanguka nyuma, miguu haikanyagi. Inaburuta.

Nilichora ile miguu mara tano daftarini. Kuchora mguu uliobeba uzito kila fundi anaweza. Mguu ulioacha kubeba ni habari nyingine: vidole vinapinda vibaya, kisigino kinakosa maana. Wa tano ndio ulikuwa na dalili ya kufanana.

Kanisani humohumo alichora kuba la kanisa dogo la Bikira. Nilitazama juu mpaka shingo ikakaza, lakini akili ilikuwa bado chini.

Novemba 3, Kisiwa cha Ré

Mvua. Basi linavuka daraja refu kwenda kisiwani, ambako baba yake, mfanyabiashara wa mvinyo, alihamishia familia 1832 kujaribu bahati yake katika bandari ya Saint-Martin. Kila duka la kadi za posta linauza picha ya punda waliovaa suruali. Ni kweli kabisa: zamani punda wa hapa walivalishwa suruali wasiumwe na mbu kwenye mashamba ya chumvi. Nimenunua kadi tatu kwa rafiki zangu wa Lamu, wawaonyeshe punda wao mambo yanavyokwenda kwingine. Habari za Bouguereau kisiwani, kwa macho yangu, hakuna. Viatu vimelowa mpaka soksi.

Novemba 4, kwenda Bordeaux

Treni ya polepole kupitia Saintes. Njia hii inapita nchi ya Saintonge, na mtoto Adolphe alilelewa humu. Biashara ya baba haikukaa sawa, mtoto akapelekwa kwa baba yake mdogo Eugène, padri wa Mortagne, aliyempenda na kumsomesha. Akatiwa shule mji wa Pons, na huko mwalimu wake wa kuchora, Louis Sage, alikuwa amepita mikononi mwa Ingres, mchoraji mkubwa wa Ufaransa. Bahati ya mtu wakati mwingine huanza na mwalimu wa shule ya wilayani.

Familia ilipohamia Bordeaux 1841, kijana akashika hesabu za biashara ya baba na kwenda shule ya uchoraji ya manispaa kabla na baada ya kazi. Ili apate senti za kwake alichora lebo za chupa za jamu. Ndiyo, jamu! Mwaka 1844 akashinda tuzo ya kwanza ya shule, akiwapita hata wanafunzi waliosoma kutwa. Paris ikaanza kumwita, fedha hakuna. Padri akamtafutia kazi kwa waumini wake: sura 33 za watu wa vijijini kwa miezi mitatu, na shangazi akaongeza kiasi kilekile alichochuma. Mwaka 1846 akapanda Paris.

Sura 33 kwa miezi mitatu. Hiyo ni kasi ya msimu wa harusi Dar. Nimecheka peke yangu ndani ya behewa mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahamisha mkoba.

Mchana nimeingia makumbusho ya sanaa ya Bordeaux, kwenye bustani ya jumba la manispaa. Nilijua ninachokitafuta: "Siku ya Wafu", ya 1859. Si kubwa, ukilinganisha na zile za Paris. Mama na binti yake wamepiga magoti kaburini, nguo nyeusi tupu, wameegemeana. Hakuna mabawa, hakuna kombe la bahari. Weusi wa nguo umemeza karibu picha yote, zimebaki nyuso na mikono. Wafaransa niliowaona juzi Montparnasse na vyungu vyao ndio hawa, miaka zaidi ya 160 nyuma.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba picha hii ilitoka kwenye misiba yake. Nikapiga hesabu palepale, nikaipiga tena. Jeanne alikufa 1866. Mwaka 1859 hakuna mtoto wa Bouguereau aliyekuwa amekufa. Mwaka 1859 ndio Georges alizaliwa. Kijana wa miaka 33 mwenye kichanga nyumbani alichora mama aliyezika, akaichora sawasawa, halafu maisha yakamjia kumdai kile alichokwisha kukichora.

Sijui nilikaa muda gani. Kengele ya kufunga ilipolia nikakumbuka kwamba kutafuta alama ya brashi sikutafuta.

Novemba 5, Bordeaux

Grand Théâtre, ya 1780, ina nguzo kumi na mbili mbele. Bouguereau alichora dari ya ukumbi wa matamasha humo ndani, Apollo na wenzake, akamaliza 1869. Ziara ya ndani sikuweka nafasi mapema, uzembe wangu, kwa hiyo nimezunguka nje nikila mkate.

Nimekuwa nikifikiria soko lake. Tangu 1866 alifanya kazi na muuza picha Goupil, na Wamarekani matajiri walinunua mpaka wakapigania zamu. "Nimfu na Satiri" ya 1873 iliwahi kuning'inia kwenye baa ya hoteli moja ya New York, Hoffman House, kuanzia miaka ya 1880 hadi 1901, wanywaji wakiikodolea macho, kisha ikafungiwa ghalani kwa miongo. Sasa iko makumbusho ya Clark huko Williamstown. Alipokufa bei zikaporomoka, picha zikashushwa kwenye vyumba vya chini, jina likabaki la kukemea wanafunzi. Ilikuwa mpaka 1984 ndipo maonyesho makubwa yalipofanywa Paris, yakaendelea Montreal na Hartford, watu wakaanza kumtazama upya.

Kwetu wachoraji wa Tingatinga wanasemwa hivyohivyo: wanachorea watalii, si sanaa. Wanaosema hivyo wengi hawajawahi kulipa kodi ya chumba kwa brashi. Simtetei Bouguereau kwa kila kitu. Wachungaji wake wa kondoo wana nyayo safi kuliko zangu nikitoka msikitini, na alipokaa kwenye baraza la kuchagua picha za Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, hakuwaonea huruma waliochora tofauti naye. Lakini yule mwalimu wangu nimemaliza naye.

Jioni sokoni nimenunua chupa ya jamu ya plamu. Sababu ni lebo: imechorwa kwa mkono, matawi mawili na plamu tatu, moja ina kivuli upande usiofaa.

Novemba 6, uwanja wa ndege

Ofisa wa ukaguzi ameitoa chupa kwenye begi, ameiinua kwenye mwanga kama mwalimu wangu alivyoinua ile picha. Jamu ni kimiminika, kasema, gramu 350, haipiti. Nikamwomba dakika mbili. Nyuma yangu watu wanavua mikanda, wanaguna. Nikalowesha kidole kwa mate, nikaianza lebo kwa ukucha kwenye kona, taratibu, gundi ikakubali nusu ikakataa nusu. Ofisa akatazama, akachukua kisu kidogo cha plastiki kutoka mezani kwake, akanipa bila kusema neno.

Jamu imeingia pipani. Lebo iko ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya ile miguu mitano, kona ya kulia imechanika, inanata bado.